MAJI YA KASKAZI SI MAJI YA MASIKA

Kila tunapouliza khabari ya maji tunayokunywa, jibu tulipatalo ni neno moja: yamepimwa. Masika iliyopita mimi na wazee wawili wa mtaa wetu tulikwenda katika ofisi moja, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa bwana aliyetupokea alitupokea kwa adabu, tukauliza maji ya mfereji wetu yamepimwa lini. Akafungua jalada, akatwambia yamepimwa mwezi wa Januari na yamekutwa salama. Siku hiyo ilikuwa katikati ya Aprili, mvua imeshika, na maji niliyoyachukua katika chupa kumwonyesha yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bwana yule akaitazama chupa, akaitazama karatasi, akasema: "Lakini yamepimwa, sheikh wangu."

Karatasi ile haikusema uwongo. Ilisema kweli ya Januari. Ila mwenye kunywa maji ya Aprili kwa kutegemea kipimo cha Januari ni kama mtu aliyeuona mwezi wa Rajabu akataka kufungia Ramadhani kwa mwandamo ule ule.

Maji ya kisiwa hiki hubadilika kwa majira, na kila majira yana dhara yake. Wakati wa kaskazi, jua linapowaka na mvua imekwisha, adui ni chumvi. Maji matamu hayakai chini yetu katika birika lililofungwa; yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mawe, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Wataalamu wamelifanyia hisabu jambo hili: penye futi 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, pana kadiri ya futi 40 za maji matamu chini yake. Futi ile moja ikitekwa na isirejeshwe na mvua, chumvi nayo hupanda kwa hisabu hiyo hiyo ya arubaini. Na nani atekaye zaidi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 juu ya pwani ya mashariki ya Unguja ulikuta kuwa mgeni wa hoteli hutumia kadiri ya lita 685 kwa siku, na mwanakijiji lita 48. Sisemi wageni wafukuzwe, maana nasi twala kwa biashara yao. Nasema kisima cha mwanakijiji kikigeuka chumvi mwezi wa Februari, asiambiwe kuwa ni kudura peke yake.

Masika adui ni mwengine, naye ni mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu. Mchanga huchuja maji, bali mawe haya huyapitisha. Mvua inyeshayo leo juu ya vyoo na makaro yetu yaweza kuwa imekwisha kuingia katika kisima cha jirani kabla mawingu hayajatawanyika. Ndugu zetu wa Pemba watasema kwao kuna udongo mzito na mito. Naam, lakini mito hiyo masika hushuka na tope, na tope nalo lina kazi yake. Klorini, hiyo dawa ya maji, huliwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Dawa iliyotosha Januari haitoshi Aprili. Shirika la Afya Duniani lataka maji yanapofika mferejini kila lita iwe imebakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2. Basi suali letu si kama dawa imetiwa katika tangi, bali imebaki kiasi gani mwisho wa bomba. Na bomba lenyewe, maji yanapokatika, hubaki tupu, likavuta kwa nyufa zake maji yaliyotuama ardhini. Kila mama anajua kuwa maji ya mwanzo baada ya kukatika hayafai hata kuoshea vyombo.

Hapa nataka kusema na wenzangu tuliosoma chuoni. Tulifundishwa katika Safinatun Najaa kuwa maji yakifika qullatain hayanajisiki ila ikibadilika ladha yake, au rangi yake, au harufu yake. Hukumu hiyo ni ya twahara na haina kasoro. Lakini wako kati yetu waliodhani kuwa yafaayo kutawadhia yafaa pia kumnywesha mtoto bila ya kuchemshwa. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Nimeona mtaani kwetu watu wakichemsha maji siku tatu yakiwa na tope, na siku ya nne yakitakata wakaacha, ilhali siku ya nne huenda ndiyo yenye khatari, kwa kuwa jicho limekwisha kutuliwa.

Hatukosi mafunzo. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu kwa maelfu hapa Zanzibar, na Dakta James Christie, tabibu aliyekuwapo, akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Seyyid Barghash, aliyeshika ufalme mwaka 1870, akaleta mjini maji ya chemchem. Kipindupindu kilirejea mwaka 1978, na mara kadha baada yake. Ule uliozuka Septemba 2015 ulikuwa bado haujazimwa masika ilipoingia, hata Aprili 2016 skuli zikafungwa. Makumi ya watu walikufa.

Mimi nauza duka. Masika maji ya chupa hutoka dukani kwangu kuliko sukari, na faida yake naitia mfukoni. Sitajifanya kuwa siipati. Mwaka jana alikuja mama mmoja akanunua chupa ndogo moja. Nikamwambia katoni ina nafuu. Akasema: "Ya mtoto tu, sisi tutakunywa ya mfereji." Baba, mama na bibi wakagawana maji ya mfereji, na mtoto chupa. Tangu siku hiyo faida ile naihisabu kwa aibu, kwani ni kodi ya pili juu ya kitu ambacho mama yule amekwisha kukilipia.

Nasi wanachama tuna lawama yetu. Maji yakikatika twapiga kelele mpaka barazani. Yakija machafu twanyamaza kwa kushukuru kuwa yamekuja. Katika mikutano ya matawi niliyohudhuria sijasikia hata mtu mmoja akiuliza kipimo.

Tunalotaka halihitaji mkopo wa nchi za nje. Maji yapimwe kila mwezi, na kila wiki katika masika na vuli, mferejini na visimani, si tangini peke yake. Majibu yabandikwe kwa sheha, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe: chumvi kiasi gani, klorini kiasi gani, vijidudu vimeonekana au la. Wakikuta maji mabaya watwambie siku hiyo hiyo, tuchemshe.

Barua ya madai hayo nimekwisha kuiandika, nayo iko dukani. Mwenye kutaka kutia saini aje baada ya Alasiri, na asiyejua kuandika atatia dole gumba. Wino upo.