Posho ilifika, moto haukufika

Yapo mambo ambayo mtu huyaona madogo mpaka siku yanapomkosa, na mojawapo ni moto wa jikoni. Leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha nyumbani katika siku za janga la korona, hasa mjini Kampala mwaka 2020, watu walipoamriwa kukaa majumbani. Sisi wa Dar es Salaam hatukufungiwa. Shule za msingi zilifungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29 mwaka huo, lakini masoko yalikuwa wazi, daladala zilitembea, na mama ntilie aliendelea kukoroga sufuria lake pale pale. Kwa hiyo yaliyowapata jirani zetu wa Uganda tuliyasikia kwa mbali, kama mtu asikiavyo mvua ikinyesha mtaa wa pili. Hata hivyo, ukiyatazama vizuri utaona kwamba yanalihusu jiko lako pia.

Tukumbushane kwanza jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini Uganda alitangazwa Machi 21, 2020. Siku chache baadaye usafiri wa abiria ukasimamishwa, na wachuuzi wote wasiouza chakula wakaondolewa masokoni. Machi 30 Rais Yoweri Museveni akatangaza kwamba magari ya watu binafsi nayo yasitembee, na kwamba kuanzia kesho yake mtu asionekane nje tangu saa 1 ya jioni hadi saa 12.30 ya asubuhi. Amri hiyo ilikuwa ya siku 14. Ilipokwisha ikaongezwa siku 21 nyingine. Wenye bodaboda waliachiwa kubeba mizigo tu. Wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea na biashara kwa sharti moja zito: walale huko huko sokoni, wasirudi kwao. Ndipo akina mama wa soko la Nakasero wakatundika vyandarua juu ya meza za nyanya na ndizi, wakajinyoosha kati ya mafungu ya bidhaa zao. Chakula kikawapo mjini kila siku; lakini mama aliyewauzia watu nyanya za mchuzi hakuwapo nyumbani kuwapikia wanawe.

Hebu sasa tuingie katika nyumba yenyewe. Mfanyakazi wa kipato cha chini wa Kampala hana tofauti kubwa na wewe unayesoma ukurasa huu. Aghalabu hupanga chumba kimoja, ambacho wenyeji hukiita muzigo, na mlangoni huweka jiko la mkaa, ambalo wao huliita sigiri. Mchana hali nyumbani. Hununua chapati iliyoviringishiwa mayai, maarufu kwa jina la rolex, au hukaa kwenye benchi la mama mpishi na kupewa sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Watoto nao hula shuleni ugali na maharagwe yaliyochemshwa katika masufuria makubwa mno, ambayo mpishi huyakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Mama mpishi wa kando ya barabara huwalisha watu hamsini kwa moto mmoja. Shule huwalisha mamia kwa kuni za meko mawili au matatu. Mafuta ya taa, mkaa, kuni, na hata jasho la mpishi, vyote hugawanyika kwa watu wengi, na kila mlaji hulipa sehemu ndogo tu ya moto bila ya kujua kwamba anaulipia. Amri ya kukaa ndani ilipotoka, moto ule mmoja ulivunjwa vipande hamsini. Kila familia ikalazimika kuwasha jiko lake mchana, kwa ajili ya watu watano au sita, tena katika wiki zile zile ambazo kipato kilikuwa kimekatika.

Mjini mkaa una tabia ya kumwonea maskini. Mwenye fedha hununua gunia na kuliweka nyuma ya nyumba. Asiye nazo hununua kwa kopo, leo moja, kesho moja, na mwisho wa mwezi akipiga hesabu hukuta kwamba amelipa kilo moja ya mkaa kwa bei kubwa kuliko yule wa gunia. Mkaa wa Kampala huja kwa malori kutoka wilaya za mbali, na malori ya mizigo hayakuzuiwa. Kilichokosekana ni zile shilingi chache za kila siku za kununulia kopo.

Serikali ya Uganda haikukaa kimya. Mwanzoni mwa Aprili ilianza kugawa chakula katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo, kama vile Bwaise, kwa lengo la kuwafikia watu kiasi cha milioni 1.5 wa Kampala na wilaya jirani ya Wakiso. Kila mtu alitengewa kilo 6 za unga wa mahindi, kilo 3 za maharagwe, na chumvi. Mama anyonyeshaye na mgonjwa waliongezewa kilo 2 za maziwa ya unga na kilo 2 za sukari.

Usiudharau mgao huo. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kiasi cha kalori 3,600, na ya maharagwe kavu ina kiasi cha 3,400. Jumlisha mgao wote, ugawe kwa siku 14 za amri ya kwanza, utapata kama kalori 2,270 kwa siku, kiasi kinachomtosha mtu mzima asiyefanya kazi ngumu. Kadhalika, mahindi na maharagwe ni ndugu wanaosaidiana: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huuziba, na yale ambayo maharagwe hayana ya kutosha, mahindi huyatoa. Aliyepanga mgao ule alijua anachokifanya. Lakini alihesabu kilo, hakuhesabu moto.

Nitakatiza kidogo kwa habari ya neno. Katika Kiswahili chetu posho ni chakula cha mgao, kile alichopimiwa askari au mpagazi kwa siku zake za safari. Kwa kuwa mgao huo mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi, Waganda walilichukua neno hilo wakaliita ugali wenyewe. Kwao posho ni chakula cha shule na cha kambi. Chakula cha heshima ni matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Mwaka 2020 neno hilo likarejea katika maana yake ya zamani: posho ililetwa nyumba kwa nyumba, ikapimwa kwa kichwa cha mtu.

Basi tazama mama mwenye mgao huo mlangoni pake. Unga haumpi taabu. Maji yakichemka, ugali huwa tayari katika muda usiofika nusu saa. Taabu iko katika maharagwe. Maharagwe kavu yasiyolowekwa huhitaji saa mbili hadi tatu motoni, na yaliyokaa ghalani muda mrefu katika joto na unyevu huwa magumu zaidi, yakachemka nusu ya siku na bado yakagonga meno. Mkaa wa kopo moja hauwezi kazi hiyo. Hapo mama hubaki na njia tatu, na hakuna iliyo nzuri. Aweza kuuza sehemu ya maharagwe ili apate fedha ya mkaa. Aweza kuyaepua kabla hayajaiva. Au aweza kuyaacha ndani ya mfuko na kuwapa watoto ugali kwa chumvi, ili washibe leo. Na mtoto anayekula hivyo wiki hadi wiki, tumbo lake hujaa ilhali mwili wake hauna cha kujengea.

Hiyo njia ya pili ina hatari ambayo wengi hawaijui. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano zisizoiva zaweza kumtapisha mtu na kumharisha kabla saa chache hazijapita. Moto mkali huiua sumu hiyo. Moto dhaifu usiofikia kuchemsha hauiui, bali waweza kuizidisha.

Njia ya kupunguza mkaa kwa kuingiza jiko chumbani na kufunga mlango, ili joto lisipotee, sitaki hata kuihesabu kuwa njia. Aprili ni mwezi wa mvua nyingi Kampala kama ilivyo hapa kwetu, na jiko la barazani hulowa. Lakini hewa ya mkaa haina harufu ya kumwonya mtu. Huwaua watu wakiwa usingizini.

Nigeukie akina baba, maana nao walikuwamo ndani. Baba aliyezoea kuacha fedha ya matumizi asubuhi na kukuta sahani imefunikwa usiku, safari hii alikaa kwenye kigoda na kuiona kazi nzima: foleni ya maji na madumu yake, mchele unaopepetwa, mkaa unaokataa kushika, mtoto anayelia akiuliza kama chakula kimeiva. Fedha ile aliyoiita ya chakula, kumbe robo yake ilikuwa ya moto! Sidai kwamba kila baba aliinuka akashika mwiko. Wapo waliokaa wakalalamika kwamba maharagwe yamechelewa. Lakini hata huyo alijua sasa kwa nini yamechelewa.

Uganda ilipofungwa tena mwaka 2021, kwa siku 42 kuanzia Juni, msaada ulikuja kwa sura nyingine. Badala ya magunia, zilitumwa fedha kwa simu, shilingi 100,000 za Uganda kwa kaya, na kaya zilizolengwa zilikuwa kiasi cha 500,000. Wengi walinung'unika kwamba fedha ni kidogo, na ilikuwa kidogo kweli kwa siku zote hizo. Aidha, asiyekuwa na simu iliyosajiliwa alibaki akitazama. Mimi, pamoja na kasoro hizo, naona mpango wa pili ulimheshimu mama wa nyumbani kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa ulimwachia yeye apange: hizi za unga, hizi za sabuni, hizi za mkaa. Mwenye kujua jiko linadai nini ni yule anayelipuliza. Shule za huko nazo, ukiacha madarasa machache yaliyorudishwa katikati, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Na muda wote huo chakula cha mchana cha watoto kilidai moto wake nyumbani.

Huku kwetu habari ya moto imekuwa kubwa. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Hata hivyo mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo, na aliyeishiwa tarehe 20 ya mwezi hurudi kwenye mkaa hadi mshahara. Ndiyo maana nataka kumaliza kwa mambo ya jikoni ambayo hayasubiri mkakati wowote.

Maharagwe yachambue, yaoshe, uyaloweke usiku kucha katika maji mengi, kiasi cha saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Kulowekwa peke yake hupunguza muda wa kuiva karibu kwa nusu. Yachemshe kwa moto mkali yatokote sawasawa, isipungue dakika 10, kwa ajili ya ile sumu niliyoitaja. Baada ya hapo huhitaji moto mkali tena. Funika sufuria, punguza mkaa, uyaache yajiive. Magadi hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B iliyomo, na ladha yake si ya kila mtu. Nisingeyatumia kila siku.

Ukitaka kubana mkaa zaidi, tengeneza kikapu cha kupikia. Chukua tenga au kikapu kipana, kijaze vitambaa vikuukuu, sufi au nyasi kavu pande zote na chini, ukiacha katikati nafasi ya sufuria. Maharagwe yaliyolowekwa yakishatokota kwa nguvu dakika 20, yaepue yakiwa na mfuniko wake, yatumbukize humo mara moja, uweke juu mto mnene au blanketi iliyokunjwa. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua unatoa joto. Baada ya saa tatu au nne yarudishe motoni, yachemke vizuri, uonje. Yakiwa bado magumu yaongezee muda jikoni. Yakiwa laini unga kwa kitunguu na nyanya, na kama una karanga zilizosagwa, zikoroge kwa maji kidogo uzitie mwishoni, kama wafanyavyo Waganda.

Kikapu hicho chafaa pia kwa wali, makande na nyama ngumu. Na kazi ya kuloweka maharagwe haihitaji ufundi. Aliyemaliza kula wa mwisho, awe mama, awe baba, awe kijana wa darasa la saba, aweza kuyatia majini kabla ya kwenda kulala.