Kampuni za simu zilizokufa ziliondoka na fedha za nani?

Muuza duka wa siku nyingi wa Kariakoo, River Road au Owino akifukua droo yake ya chini hakosi kukuta vocha ya kampuni ya simu ambayo haipo tena. Vocha hiyo haijakwanguliwa, namba zake zote zipo na thamani yake imechapishwa wazi. Aliilipia kwa fedha taslimu siku aliyoletewa, na leo hakuna mtambo wa kuipokea.

Kampuni za simu na za intaneti isiyotumia waya zilizotoweka Afrika Mashariki ni nyingi. Zinapokumbukwa, mazungumzo huishia kwenye matangazo yake, rangi zake na bei zake za chini. Kwa wafanyabiashara swali zito ni jingine. Kampuni ilipofungwa, nani alilipwa na nani aliachwa mlangoni?

Kwanza itenganishwe kampuni iliyokufa na ile iliyobadili kanzu. KenCell ya Kenya iliyoanza mwaka 2000 iliitwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Mobitel ya Tanzania, iliyofungua njia katikati ya miaka ya 1990, iligeuka Buzz, ikawa Tigo, na mwaka 2024 ikaitwa Yas. Majina yalizikwa lakini minara, laini na madeni vilirithiwa. Muuza vocha hapo hakupata hasara kubwa zaidi ya kupaka ukuta rangi mpya.

Walioshika hisa katika mabadiliko hayo walivuna kitita. Celtel, iliyoasisiwa na Mo Ibrahim mwaka 1998 kwa jina la MSI Cellular, iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait mwaka 2005 kwa dola za Marekani bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain, na mwaka 2010 ikauza biashara yake katika nchi 15 za Afrika kwa Bharti Airtel ya India katika mkataba wa dola bilioni 10.7. Mchuuzi aliyeuza muda wa maongezi wa kampuni hizo kwa miaka yote hiyo hakuwa na hisa hata moja ya kuuza.

Kufa kwenyewe ni habari nyingine. Tritel ya Tanzania iliingia sokoni miaka ya 1990 kushindana na Mobitel, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imetoweka. Rwandatel ilinyang'anywa leseni yake ya simu za mkononi Aprili 2011 kwa kushindwa kutimiza masharti. Uganda ilishuhudia Orange ikiuza biashara yake kwa Africell mwaka 2014, na Oktoba 2021 Africell nayo ikazima mitambo. Kenya ilikuwa na yu, iliyozinduliwa na kundi la Essar la India mwishoni mwa mwaka 2008 na kuondoka mwaka 2014.

Ni kosa kudhani kuwa kampuni hizi ziliuawa na ukosefu wa wateja. Yu iliondoka ikiwa na wateja zaidi ya milioni 2. Kinachoua kampuni ndogo ya simu ni hesabu ambayo mteja haioni. Mteja wa mtandao mdogo akipiga simu, mara nyingi anampigia mtu aliye kwenye mtandao mkubwa, kwa kuwa huko ndiko watu wengi waliko. Kila dakika ya simu hiyo, mtandao mdogo unaulipa mkubwa ada ya kupokea.

Nchini Kenya ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika hadi Agosti 2010, ilipopunguzwa na kuwa shilingi 2.21. Mwezi huo huo Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na soko zima likalazimika kufuata. Hesabu yake si ngumu. Kwa ada ya zamani, dakika iliyouzwa shilingi 3 kwenda mtandao mwingine ingeleta hasara ya shilingi 1.42. Kwa ada mpya zilibaki senti 79, na humo humo ndimo zitoke kodi, dizeli ya minara, mishahara, faida ya wakala na riba ya mkopo wa dola. Kampuni kubwa inaweza kustahimili vita vya bei kwa sababu simu nyingi za wateja wake huanzia na kuishia ndani ya mtandao wake. Kampuni ya tatu au ya nne haina mto huo wa kulalia. Fahali wawili wakipigana huumia nyasi, na katika vita hivi nyasi ilikuwa kampuni changa.

Adui wa pili ni mitambo. Kampuni zilizochagua teknolojia ya CDMA, kama Sasatel ya Tanzania, ziliuza simu ambazo mara nyingi hazikuweza kubadilishwa laini na kutumika kwingine. Kampuni ilipozimika, simu ya mteja nayo ilizimika, na shehena ya simu iliyobaki dukani ikageuka chuma chakavu. Walionunua mitambo ya WiMAX kwa ajili ya intaneti walipata pigo kama hilo pale dunia ilipoamua kufuata njia ya LTE. Vifaa vya WiMAX vikawa adimu na ghali, na wateja wakahamia kwenye simu za kawaida zilizoanza kuleta intaneti mfukoni.

Adui wa tatu alitoka baharini. Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti na bei yake ilikuwa ya juu. Kampuni zilizofunga antena juu ya mapaa ya maofisi zilipata faida kwa kugawa kidogo kilichokuwapo. Mwaka huo mikongo ya Seacom na TEAMS ilifika pwani, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mali iliyokuwa adimu ikawa ya kumwagika, na faida ikahamia kwa wenye nyaya ardhini.

Mwekezaji mdogo wa Nairobi ana kumbukumbu ya pekee hapa. AccessKenya, iliyokuwa ikiuza intaneti ya aina hiyo maofisini, iliingia soko la hisa mwaka 2007 kwa bei ya shilingi 10 za Kenya kwa hisa. Bei ilipaa, kisha ikaporomoka hadi chini ya ile ya kuanzia. Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini ikainunua kwa shilingi 14 kwa hisa na kuitoa sokoni. Aliyenunua siku ya kwanza na kuvumilia alipata ongezeko la asilimia 40 kwa miaka 6, yaani chini ya asilimia 6 kwa mwaka ukiacha gawio. Katika miaka ile mfumuko wa bei wa Kenya uliipita kasi hiyo. Aliyenunua wakati bei imepita 14 alipata hasara ya moja kwa moja.

Hata hivyo mwenye hisa wa AccessKenya alipewa barua, bei na tarehe ya kulipwa. Muuza vocha hapewi chochote kati ya hivyo. Tofauti hii ndiyo inayostahili kuangaliwa na wadau wote wa soko.

Malipo ya kabla ni mkopo, ingawa hakuna anayeyaita hivyo. Mwenye duka anapolipia vocha za laki tano asubuhi, ameikopesha kampuni laki tano bila riba, bila dhamana na bila hati, mpaka vocha ya mwisho ikwanguliwe na dakika ya mwisho itumike. Maelfu ya maduka yakifanya hivyo kila siku, kampuni inapata mtaji ambao benki ingeutoza riba. Siku kampuni inapofilisika, mabenki yanatangulia na madai yao yenye dhamana. Muuza vocha hana hata pa kupanga foleni.

Sheria tayari zimeonyesha kuwa jambo hili linawezekana kurekebishwa. Fedha za mteja kwenye huduma za malipo kwa simu haziruhusiwi kuchanganywa na mali ya kampuni. Hutunzwa benki katika akaunti ya amana. Tanzania iliweka msingi huo katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake. Kampuni ikianguka leo, salio la wakala lina pa kudaiwa. Lakini shilingi ile ile ikigeuzwa muda wa maongezi au kifurushi cha intaneti, inatoka kwenye ulinzi huo na kuwa mali ya kampuni.

Kinachohitajika si kikubwa. Mamlaka za mawasiliano ziweke sharti kwenye leseni kwamba kampuni inayotaka kufunga itangaze mapema, na ikomboe kwa fedha taslimu kila vocha isiyotumika iliyo mikononi mwa mawakala kabla ya masafa yake kugawiwa kwa mwingine. Masafa na minara ndivyo vyenye soko. Zantel ni mfano. Mwaka 2015 Millicom ilinunua asilimia 85 ya kampuni hiyo kutoka Etisalat kwa dola moja tu, ikabeba na deni la dola milioni 74. Kampuni yenye hisa za dola moja ilikuwa bado na kitu cha kugombewa. Biashara ya yu ilipogawanywa kati ya Safaricom na Airtel, thamani iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Penye mamilioni hayo, fedha za muuza vocha haziwezi kukosekana. Wako watakaosema sharti hilo litawatisha wawekezaji wapya. Mwekezaji anayetishwa na kurudisha fedha zisizo zake si hasara kwa nchi.

Mpaka sharti hilo lipatikane, mfanyabiashara ajilinde mwenyewe. Asirundike vocha wala simu za kampuni changa kwa sababu ya kamisheni nono, kwa kuwa kamisheni nono mara nyingi ni dalili ya kampuni inayotafuta fedha za haraka. Anunue za kutosha siku mbili au tatu. Akiona minara mipya haijengwi, mishahara inachelewa na huduma ya vocha mbovu haijibiwi, apunguze mzigo bila kungoja tangazo.

Naye mwekezaji wa hisa za mawasiliano asome ada za kupokea simu, madeni ya fedha za kigeni na umri wa mitambo kabla ya kuhesabu wateja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zile vocha zilizo chini ya droo ni ushahidi wa kutosha.