Nafaka za Maboksi na Uji wa Mwambao

Wananchi wa Rumonge wanaijua biashara. Mji wao, ulio kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, umeishi kwa mawese, ndagala na vyombo vinavyovuka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo suala la nafaka za kifungua kinywa, zile ziletwazo kutoka nje zikiwa zimefungwa katika maboksi, si la wakubwa wa Bujumbura peke yao. Mfanyabiashara wa mwambao naye hujiuliza: nikizileta, nitauza? Sisi tunaona kwamba nyuma ya swali hilo lipo jingine lililo kubwa zaidi: nchi ikizilipia, itapata nini?

Njia ya kuletea bidhaa si ngeni. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Burundi, Rwanda na Kongo ipite. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kuingia katika umoja wake wa forodha mwaka 2009, mlango ulipanuka. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya au Tanzania, ikitimiza masharti ya asili, haistahili kutozwa ushuru wa forodha. Ile itokayo nje ya Jumuiya kwa kawaida hutozwa asilimia 25 ikiwa imekamilika kutengenezwa, na tangu Julai 2022 nchi wanachama zina kiwango cha asilimia 35 kwa aina fulani za bidhaa.

Lakini ushuru ni sehemu tu ya gharama. Boksi la kornfleksi ni jepesi, na sehemu kubwa ya nafasi yake ni hewa. Lori au meli hujaa upesi kabla uzito haujawa wa maana, na nauli ya kila kilo hupanda. Likifika mwambao, unyevunyevu wa ziwa hulisubiri: bidhaa hiyo huthaminiwa kwa ukavu wake, na pakiti ikitoboka imekwisha. Tena hailiwi peke yake. Hutaka maziwa, na kwa familia nyingi maziwa ni ghali kuliko uji wenyewe.

Juu ya hayo kuna fedha za kigeni. Mwezi Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani: dola moja iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa faranga 2,000 na ushei ikavuka faranga 2,800. Tuchukue mfano wa boksi lililonunuliwa kwa dola 4. Kwa faranga 2,000 lilihitaji faranga 8,000. Kwa faranga 2,800 likahitaji 11,200, kabla ya nauli, ushuru na faida ya mwenye duka. Na mfanyabiashara asiyepata dola benki huzitafuta mitaani kwa bei ya juu zaidi. Mzigo huo haubebi yeye, humwangukia mnunuzi.

Inafaa kujiuliza mnunuzi huyo ni nani. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Kornfleksi ni mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa, yakabanwa kuwa vipande vyembamba na kuokwa. Mahindi hulimwa katika bonde la Imbo, mwambao huu huu. Kuyanunua tena kwa dola, baada ya kusafiri maelfu ya kilomita, hakumwondolei mtoto udumavu.

Wala si kwamba kampuni kubwa hazishindwi. Kellogg, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1906, iliingia India mwaka 1994 ikitegemea wingi wa watu. Ilikuta watu waliozoea kula chakula cha moto asubuhi, wakavimiminia maziwa ya moto vipande vile, navyo vikalainika mara moja. Bei nayo ilikuwa juu. Funzo ni kwamba hesabu ya vichwa si hesabu ya wanunuzi, na desturi ya mezani haibadilishwi kwa tangazo.

Je, tuseme maboksi yapigwe marufuku? Hapana. Marufuku huzaa magendo, na magendo huzaa bei mbaya zaidi. Mfanyabiashara anayelipa ushuru na kuuza bidhaa safi si mlanguzi. Tunachosema ni kwamba dola chache za nchi zina kazi ya kwanza na kazi ya pili.

Kazi ya kwanza ni uji wetu wenyewe. Burundi inao tayari mfano wa Musalac, unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka na soya. Jirani zetu wa Rwanda wana Sosoma, ambao jina lake limetokana na mtama, soya na mahindi. Unga wa namna hiyo unaweza kufungwa katika pakiti ndogo ambayo mama wa Rumonge ataimudu kwa siku moja. Dola inayonunua mashine ya kufungia pakiti hufanya kazi kwa miaka. Dola inayonunua boksi huisha asubuhi moja.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu na kutoa sumukuvu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na wafanyabiashara wakakwama mpakani. Basi turubai la kukaushia, ghala kavu na kipimo cha unyevu ni vitu vya kwanza, kabla ya pakiti ya rangi. Umeme wa uhakika na alama ya ubora vifuate. Unga wa Rumonge ukiyapata hayo, Kigoma, Uvira na Kalemie ni masoko yanayofikika kwa njia ya maji.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Boksi na lije kwa anayeweza kulilipia. Lakini wenye kugawa fedha za kigeni, wenye mitaji na vyama vya wakulima wa Imbo wauanze mwaka kwa kuuliza kwanza habari za uji.