Nguvu na Kipimo

Munapenda nguvu, najua. Basi musikilize mwanzo wa CrossFit. Katika mwaka 2000, kule California, Marekani, Greg Glassman na Lauren Jenai waliianzisha. Hawakutafuta mashini za bei: paka vyuma, kamba na saa. Zoezi lao moja, Fran: kuinua chuma mara 21 na kujivuta juu mara 21, tena 15, tena 9, mbio mbio. Wote pamoja, na wa mwisho anashangiliwa. Njo uzuri wake.

Lakini wengine walipita kipimo. Misuli iliharibika, takataka yake ikaingia mu damu na kuumiza figo. Katika 2005 Glassman mwenyewe aliandika juu ya ile hatari.

Kijana, wenzako wakipiga kelele «ongeza!», sikiliza mwili pia. Kupumzika haiko uvivu.