Mpango Ambao Mzee Anaweza Kuudai

Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, awe amezeeka akivua samaki, akilima mwani au akishika kalamu ofisini. Hakuulizwa ana ng'ombe wangapi wala nyumba yake imeezekwa kwa kitu gani. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, haikumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Lakini ilitoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, na sharti lake analielewa hata asiyejua kusoma. Mzee wa Micheweni, Pemba, aliyerukwa anajua kwamba amenyimwa haki yake, na anajua ni kiasi gani. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mpango wowote wa huduma za jamii: je, mlengwa anaweza kuudai? Asipoweza, basi ameandaliwa hisani tu, hata kama kitabu cha mpango kimejaa neno uwezeshaji.

Tanzania Bara imefanya kazi kubwa zaidi kwa idadi. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), umefikia zaidi ya kaya milioni moja, na ni uzushi kusema haukusaidia. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopokea ruzuku zilinunua kuku na mbuzi, na nyingi zikajiunga na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Wanaodai kwamba maskini akipewa fedha taslimu ataishia kilabuni wamekwisha kujibiwa na walengwa wenyewe. Udhaifu uko kwingine. Jina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, dodoso hujazwa, kisha hesabu inayofanyika mbali na kijiji huamua nani maskini wa kutosha. Mjane aliyeachwa nje, huku jirani anayefanana naye kwa kila hali akilipwa, hawezi kuambiwa sababu, kwa kuwa hata mwenyekiti wa kijiji haijui. Na usichokielewa huwezi kukikatia rufaa. Unabaki kuomba, au kunung'unika kwamba ndugu wa viongozi wamependelewa, na kijiji kinagawanyika.

Kuna watakaosema dawa ni kuandika haki hizo kwenye sheria. Ni hatua ya lazima, ila haijitoshelezi, na mfano tunao. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa. Ukarejeshwa mwaka uliofuata. Wizi ulistahili kuzuiwa, sina ubishi. Ila kikundi cha akina mama kilichokuwa kimerejesha kila senti kilisimamishwa pamoja na vikundi hewa, na hakikuwa na mahali pa kupeleka shauri lake. Kenya nayo ilifungua mpango wake wa Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, lakini malipo yamekuwa yakilimbikizwa kwa miezi. Haki isiyo na tarehe humrudisha mzee kwenye kukopa dukani.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: nchi maskini itampaje kila mtu, hata tajiri mwenye miaka 70? Zanzibar imeijibu kwa vitendo. Haikuanza na kila mtu. Ilianza na kundi dogo, kwa umri ambao ni rahisi kuuthibitisha kuliko umaskini, na kwa kiasi ambacho hazina yake ingeweza kukibeba. Ndiyo, wapo wenye nacho wanaopokea. Lakini kumchuja tajiri mmoja kunahitaji madodoso, wahakiki na marudio ya uhakiki, na katika mchujo huo huo maskini halisi hupotea. Kati ya makosa hayo mawili, la kumwacha mwenye njaa ndilo ninaloliogopa.

Dira ya Maendeleo 2050 ya Tanzania ilizinduliwa Dodoma Julai 2025, na mipango ya utekelezaji wake itagusa afya, elimu na hifadhi ya jamii. Ningependa waandishi wa mipango hiyo wabandike karatasi moja kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji na mtaa: nani anastahili nini, kiasi gani, siku gani. Na chini yake waandike jina la afisa ustawi wa jamii wa kata hiyo, na siku anayokaa kusikiliza malalamiko. Sheria ya Mtoto ya 2009 peke yake imewabebesha maafisa hawa mzigo mzito, ilhali wengi wao wako makao makuu ya halmashauri, mbali na mjane asiye na nauli ya bodaboda. Kata isiyo na jina la kuandika pale ndiyo ipewe ajira mpya ya kwanza.