Maji Yakididimia, Nani Atatuletea Mengine?

  



Wengi wenu mmehifadhi Surat al-Mulk, na wapo wanaoisoma kila usiku kabla ya kulala. Aya yake ya mwisho, ya 30, inatuuliza swali: iwapo maji yetu yatadidimia chini ya ardhi, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Tunaisoma aya hii kwa tajwidi nzuri, lakini ni mara chache tunaketi na kulifikiri swali lenyewe. Mwaka huu tumeona tulifikiri pamoja, kwa kuitazama nchi ya visiwa ambayo swali hili linaigusa kila siku, kisha turudi nyumbani Nyabibuye.

Nchi hiyo ni Komoro, iliyopo baharini kati ya Msumbiji na Madagaska. Ilijitangazia uhuru mwaka 1975, nayo ina visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, kinatawaliwa na Ufaransa hadi leo. Karibu watu wake wote ni Waislamu, na kwa wasomaji wa historia ya wanazuoni wetu si nchi ngeni. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Zanzibar na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija.

Visiwa hivi vimetokana na volkano. Kisiwani Ngazija upo mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361, na moto wake haujazimika. Upande wa magharibi wa mlima huo hunyesha zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, nyingi kuliko tunazopata sisi. Pamoja na mvua yote hiyo, Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Sababu ni mawe yake. Ni mawe ya volkano changa, yenye matundu na nyufa, na mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja. Yanapofika karibu na pwani huchanganyika na maji ya chumvi. Ndiyo maana watu wa huko hujenga matangi na kukinga maji ya mvua kutoka juu ya paa. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yakaingia katika matangi hayo. Mtu alikuwa na maji nyumbani kwake na asiweze kuyanywa.

Nzwani ni habari nyingine. Mawe yake ni ya zamani zaidi, udongo umejaa juu yake, na Mwenyezi Mungu alikijaalia mito mingi. Lakini kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba 424 tu, na kila kilomita moja ya mraba inabeba watu zaidi ya 700. Watu walitafuta pa kulima mihogo na ndizi wakapanda milimani, hata penye miteremko mikali. Miti ikakatwa kwa mashamba, kwa mbao na kwa kuni, zikiwemo kuni za kuchemshia maua ya mlangilangi ili kupata mafuta ya manukato yanayouzwa ng'ambo. Leo mingi ya mito ambayo wazee waliikuta ikitiririka mwaka mzima hupata maji wakati wa mvua tu.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Ngazija haikuwa na mito tangu mwanzo. Hayo ni maumbile yake. Nzwani ilipewa mito, nayo ikapungua kwa sababu ya kazi ya mikono ya watu. Je, sisi wa Nyabibuye tunafanana na kisiwa kipi? Tunaona wazi kuwa tunafanana na Nzwani. Tuna milima, tuna udongo, tuna chemchemi mabondeni. Vijito vingi vya nyanda hizi za Kakonko, Kibondo na Kasulu hushuka hadi mto Malagarasi, vikapita katika ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, kisha maji yakaingia Ziwa Tanganyika.

Wapo watakaosema: "Sisi hatupo kisiwani. Mapori yetu ni makubwa, na shamba likichoka tunahamia jingine." Tunawajibu kwa heshima kwamba mtu wa kisiwani anauona mwisho wa ardhi yake kila asubuhi, kwa sababu ni bahari. Sisi mwisho wetu hatuuoni, na hiyo ndiyo hatari yetu. Lakini mtoto anayeamka alfajiri wakati wa kiangazi, akakuta chemchemi ya jirani imebaki tope, akalazimika kuvuka bonde la pili akiwa na dumu kichwani na kuchelewa masomo, huyo ameuona mwisho huo.

Hatuandiki haya kumlaumu mchoma mkaa wala mlimaji wa bondeni. Wengine ni wazazi wa wanafunzi wetu, na ada ya shule hutoka humo humo. Hata mkulima wa Nzwani hakukata mti kwa ubaya; alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini shida ya leo haitupi ruhusa ya kuiba maji ya kesho. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji. Anayekata miti ya chemchemi ameigusa mali ya mshirika wake bila idhini. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au za uharibifu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Njia ipo. Huko huko Komoro, kisiwa cha Mwali kilianzisha hifadhi ya bahari mwaka 2001, na wanavijiji wenyewe wakashiriki kulinda kasa na samaki wao. Sisi tuna nyuki. Asali ya Kibondo inajulikana, na mzinga unahitaji mti uliosimama. Mti mmoja uliochomwa mkaa huuzwa mara moja tu. Wenye mzinga hurinwa tena na tena.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kila darasa la madrasa lichukue chemchemi moja na kuitunza, kwa idhini ya serikali ya kijiji. Tupande miti inayohifadhi maji kama mikuyu, na mikaratusi tuiweke mbali na chemchemi. Na tunapotawadha tutumie birika, kwani israfu imekatazwa hata kando ya mto unaotiririka.

Mwanafunzi atakayeisoma Surat al-Mulk usiku wa leo, akifika aya ya mwisho, na aikumbuke chemchemi anayochota maji.

Wabillahi tawfiq.