Las Anod: Mpaka Hauna Nguvu Bila Ridhaa ya Watu

Tarehe 6 Februari 2023, wazee wa koo za mji wa Las Anod, wengi wao Wadhulbahante, walitoa tamko kwamba watu wao hawamo katika Somaliland, bali ni sehemu ya Somalia, na kwamba wanataka kuwa chini ya serikali ya shirikisho iliyoko Mogadishu. Siku hiyo hiyo risasi zikaanza kulia. Mapigano yaliendelea hadi mwishoni mwa Agosti, majeshi ya Somaliland yalipoondolewa katika kambi ya Goojacade, nje ya mji. Katika miezi hiyo hospitali kuu ya Las Anod iliangukiwa na makombora zaidi ya mara moja, na watu wapatao laki moja walivuka mpaka kukimbilia Ethiopia.

Msomaji aliye mbali aweza kudhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa kawaida wa koo za Kisomali. Sivyo. Suala lililozuka Las Anod linaihusu Afrika nzima, nalo ni hili: je, mstari uliochorwa na mkoloni watosha peke yake kuwafanya watu kuwa raia wa dola wasiyoitaka?

Somaliland ilitangaza kujitenga na Somalia mwezi Mei 1991, ikidai mipaka ile ile ya himaya ya Kiingereza ya zamani. Hoja yake yastahili kusikilizwa kwa heshima. Nchi hiyo ilipata uhuru wake tarehe 26 Juni 1960, ikaungana kwa hiari na Somalia ya Kiitalia tarehe 1 Julai. Baadaye wananchi wake waliteswa vikali. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre iliupiga mabomu mji wa Hargeisa, mji wa raia wake yenyewe, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Mtu aliyeonja uchungu huo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta njia ya kujilinda.

Aidha, watetezi wa Somaliland hukumbusha azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, la mwezi Julai 1964, lililozitaka nchi wanachama kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Azimio hilo, ambalo Mwalimu Nyerere alilitetea kwa nguvu, lilikuwa la busara. Lakini lilikusudiwa kuzuia dola moja isinyakue ardhi ya dola nyingine. Halikukusudiwa kulipa eneo moja la nchi ruhusa ya kujitenga na kuwaburuta pamoja nalo majirani wasiotaka kwenda.

Na historia yaonyesha wazi kwamba watu wa Las Anod hawakutaka kwenda. Mpaka unaozungumzwa ulikubaliwa na Uingereza na Italia mwaka 1894. Waingereza walitia saini mikataba ya ulinzi na koo kadhaa za pwani na za bara, lakini Wadhulbahante hawakuwamo. Wengi wao walimfuata Sayyid Mohammed Abdullah Hassan katika vita vya Madarweshi vilivyodumu miaka ishirini hivi, mpaka ngome zake, pamoja na ile ya Taleh, zilipopigwa na ndege za Kiingereza mwaka 1920. Ni jambo la kustaajabisha basi kwamba watu waliokataa mpaka huo kwa damu ndio wanaoambiwa leo kwamba mpaka huo ni amri isiyopingika. Hata Somaliland ilipopigia kura katiba yake mwaka 2001, sehemu kubwa za Sool na mashariki ya Sanaag hazikushiriki. Wazee wetu walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Haki ya kukataa kutawaliwa kwa nguvu, ambayo Hargeisa inaidai mbele ya Mogadishu, haiwezi kugeuka uhaini inapodaiwa na Las Anod mbele ya Hargeisa.

Puntland nayo haina la kujivunia. Tangu ilipoundwa mwaka 1998 imelidai eneo hilo kwa sababu ya undugu wa nasaba, lakini mwaka 2007 majeshi ya Somaliland yaliutwaa mji wa Las Anod, na Puntland haikuweza kuurudisha. Wenyeji, wakijiona kama mpira unaopigwa na timu mbili, walitangaza mamlaka yao wenyewe ya Khatumo huko Taleh mwezi Januari 2012. Kiongozi wake wa baadaye, Ali Khalif Galaydh, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Somalia, alipofanya mapatano na Somaliland mwaka 2017, wenzake wengi waliyakataa. Baada ya vita vya 2023, Mogadishu iliutambua utawala wa SSC-Khatumo mwezi Oktoba mwaka huo kuwa utawala wa mpito. Mwaka 2025 ukatambuliwa kuwa jimbo kamili, ukachukua jina la Jimbo la Kaskazini Mashariki. Somaliland na Puntland zote mbili zilipinga.

Sisi tunaamini kwamba watu wa Las Anod walikuwa na haki ya kukataa. Hata hivyo, hatutakuwa wakweli tukiishia hapo. Kukataa kutawaliwa na ukoo wa mwingine ni jambo moja, na kuujengea ukoo wako serikali ni jambo jingine. Sanaag ina Waisaaq na Wawarsangeli, nao hawana fikra moja. Endapo viongozi wapya watawahesabu hao kuwa ni mali iliyokuja pamoja na ardhi, watakuwa wamerithi kosa lile lile walilolipinga. Kila ukoo ukipata bendera, waziri na kituo cha ushuru, wakubwa wachache watanufaika. Mchungaji wa ngamia hatapata kisima wala mwanawe hatapata shule.

Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 ilisema kwamba mikoa miwili au zaidi yaweza kuungana na kuwa jimbo, kwa hiari. Neno la msingi hapo ni hiari. Haitoshi hiari hiyo kutangazwa na wakubwa mkutanoni. Lazima ithibitishwe na wananchi wenyewe, wilaya kwa wilaya, bila mtutu wa bunduki mgongoni. Kadhalika, Serikali ya Mogadishu isiitumie Las Anod kama fimbo ya kuichapia Hargeisa au Garowe. Ikifanya hivyo itakuwa imeleta mtawala wa tatu, wala haitakuwa imeleta ukombozi.

Jambo hili si la jirani wa mbali. Tangu mwezi Machi 2024, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtumishi wa umma atakayeshughulikia biashara au wahamiaji, na mwalimu atakayesimama mbele ya ramani darasani, hana budi kujua kwamba nyuma ya kila mstari wa ramani wamo watu. Tunaiheshimu mipaka tuliyorithi kwa sababu inatuepusha na vita. Siku mpaka unapolindwa kwa kuipiga makombora hospitali, umekwisha kuipoteza sababu hiyo.

Waliokimbia Las Anod wanastahili kujengewa upya nyumba zao na kuulizwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1894, wanataka kuishi na nani. Na jibu lao liheshimiwe.